Atomi Isubiri: Mwongozo wa Kufundisha Maada na Elementi Navakholo

Mwalimu, ukipangiwa mada ya maada, elementi na atomi katika sekondari msingi, usianze na atomi. Vitabu vingi huanza nayo. Ukurasa wa kwanza una fasili, wa pili una duara lenye vidoto vinavyolizunguka, na mtoto wa miaka 13 anakariri kwamba atomi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya elementi kabla hajaona sababu yoyote ya kuamini kwamba kitu kama hicho kipo. Mtihani atapita. Lakini muulize jioni hiyo kuni zikiungua huenda wapi, atakuambia zinaisha.

Atomi ni jibu, na jibu hungoja swali. Mtaala wenyewe umelipanga jambo hili vizuri: Gredi ya 7 michanganyiko, Gredi ya 8 elementi na kampaundi, Gredi ya 9 muundo wa atomi. Shida huja pale tunapokimbilia michoro ya Gredi ya 9 kwa sababu ni rahisi kuichora ubaoni, tukaruka vitu vya kushika mkononi.

Na Navakholo ina vitu vya kushika. Miwa imepakana na ua wa shule. Vinu vidogo vya sukari guru vinafuka moshi. Jikoni kuna munyu wa majivu, stoo ina gunia la mbolea, na ukivuka mji wa Kakamega kuelekea kusini unafika kwenye udongo ambao watu wameuchimba dhahabu tangu miaka ya 1930. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023, madarasa yake yaliwekwa ndani ya shule za msingi ambazo kwa kawaida hazijengewi maabara. Kwa hiyo nitachukulia kwamba huna maabara, huna maji ya bomba darasani, na kipindi chako ni dakika 40.

Hewa kwanza

Anza na hewa, kwa kuwa ndiyo maada ambayo watoto hukataa kuiita maada. Nunua bomba jipya la sindano la mililita 10 au 20 kwenye duka la dawa au duka la pembejeo, na sindano yenyewe usiilete shuleni. Vuta hewa ndani, ziba tundu kwa kidole, mpe mtoto asukume. Atasukuma kiasi, kisha atahisi kitu kinamsukuma na yeye. Sasa ajaze maji na asukume tena: bomba halisogei.

Usieleze. Waulize hewa ina nini hata ikakubali kubanwa, ilhali maji yamekataa. Majibu ya mwanzo yatakuwa ya kubahatisha, yaache. Atatokea mmoja wa kusema kwamba hewa ina nafasi katikati yake. Liandike neno lake ubaoni kama alivyolisema, bila kulirekebisha, na ulirudie katika vipindi vitakavyofuata. Mtoto huyo ameshafika nusu ya njia kuelekea nadharia ya chembe, na amefika kwa miguu yake.

Kisha lete sukari na maji. Azima mizani ya dukani. Pima kwa pamoja chupa ya maji yenye kifuniko na sukari iliyo kwenye karatasi kando yake. Kabla ya kuchanganya, kila mmoja aandike utabiri wake daftarini: uzito utapungua, utaongezeka, au utabaki vile vile? Wengi husema utapungua, maana sukari imepotea. Mimina sukari yote, tikisa, pima tena pamoja na ile karatasi. Uzito haujabadilika. Swali lililobaki ni zito kuliko linavyoonekana: sukari iko wapi, na imekatika vipande vidogo kiasi gani hata jicho lisiione?

Hapo gawa vipande vyembamba vya karatasi vyenye urefu wa sentimita 30, pamoja na mikasi. Kata katikati, weka nusu moja kando, kata iliyobaki, endelea. Wengi hukwama karibu na mara ya 8, kipande kikiwa na urefu wa milimita moja na kidogo. Waambie kwamba kama tungekuwa na mkasi unaoweza kuendelea, katika mara ya 30 tungefikia ukubwa wa atomi. Waipige hesabu kwenye simu yako: sentimita 30, gawa kwa 2, mara 30. Jibu ni karibu sehemu tatu za bilioni kumi za mita. Karatasi ingekuwa imekoma kuwa karatasi kabla ya kufika hapo, na hilo nalo ni swali la kuweka akiba.

Karai la sukari guru

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, maana hakuna kitabu kinachomfahamu mtoto wa Navakholo kuliko karai hilo. Kama kuna kinu karibu na shule, omba ruhusa uwapeleke. Kama hakuna, waulize wanafunzi wenyewe. Darasani hakosi mtoto aliyekulia karibu na kinu. Muwa hukamuliwa, maji yake huchemshwa katika makarai makubwa juu ya moto unaochochewa kwa makapi ya miwa ile ile. Povu lenye uchafu huenguliwa. Mvuke hupaa, kilichobaki huzidi kuwa kizito na cha kahawia, kisha humiminwa kikaganda.

Waulize moto umefanya nini. Umeumba sukari? Hapana. Utamu ulikuwamo tangu shambani, ndiyo maana watoto hutafuna miwa. Moto umeondoa maji tu. Maji ya muwa ni mchanganyiko: kila kilichomo kina tabia yake, na unaweza kukitenga kwa kuchuja, kuengua au kuchemsha. Chukua sukari guru, iyeyushe katika maji, umerudi karibu na ulikotoka.

Lakini mtu wa karai anajua jambo la pili, tena analiogopa. Moto ukizidi, sukari huungua. Inakuwa nyeusi na chungu, na hata uiongezee maji ya mto Nzoia yote hairudi kuwa sukari. Karai ni lile lile, moto ni ule ule, ila sasa kimetokea kitu cha aina nyingine kabisa. Kuna nini ndani ya sukari kisichotaka kurudi?

Lionyeshe hili kwa mikono yako, nje ya darasa, watoto wakiwa upande upepo unakotoka. Unahitaji kijiko kikuukuu cha chuma chenye mpini uliofungwa kitambaa, nusu kijiko cha chai cha sukari nyeupe kavu, jiko la makaa, na kifuniko cha sufuria kilicho kikavu na baridi. Usimwachie mwanafunzi kijiko hicho. Sukari iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi na huunguza vibaya kuliko maji ya moto.

Pasha polepole, uwape watoto kazi ya kutamka wanachokiona huku mmoja akiandika. Punje zinayeyuka. Rangi inakuwa ya dhahabu, kisha kahawia, harufu ya peremende inasikika. Povu linapanda. Sasa shikilia kifuniko juu ya povu kwa muda mfupi, ukigeuze, wapitishe kidole: kina unyevunyevu. Endelea kupasha hadi moshi upungue na kijikoni kibaki kitu cheusi chepesi chenye matundu. Acha kipoe kabisa, kisha kila mmoja akichukue kidogo na kukipaka kwenye karatasi. Kinachora kama kaa. Kinachora hivyo kwa kuwa karibu chote ni kitu kile kile kilichomo ndani ya kaa.

Tulia hapo. Sukari ilikuwa nyeupe, nayo imetoa cheusi. Ilikuwa kavu, nayo imetoa maji. Hakuna aliyeongeza kitu. Ndipo sasa, baada ya macho na vidole kushuhudia, majina yanapata kazi: sukari ni kampaundi iliyoundwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Pakiti ya kilo moja ina gramu 421 za kaboni, gramu 65 za hidrojeni na gramu 514 za oksijeni. Waache washangae kwamba karibu nusu kilo ya kitu cheusi imejificha ndani ya pakiti nyeupe, na zaidi ya nusu kilo ya kilichobaki ni elementi ambazo zikiwa peke yake ni gesi. Elementi zikiungana huacha tabia zake na kuzaa dutu yenye tabia mpya. Mwanafunzi akilishika hilo, amekuelewa. Yale mengine ya Gredi ya 8 yatamfuata.

Na kaa lenyewe? Pasha, ponda, loweka: hutatoa kitu sahili zaidi ndani yake. Linaweza kuungana na kitu kingine, kama linavyoungana na oksijeni linapowaka, lakini kupasuliwa kuwa dutu mbili halipasuliki. Dutu ya namna hiyo tunaiita elementi. Fasili imefika, na imefika kwa wakati wake.

Kutu, na maji yanayopasuka

Jaribio la kutu linataka subira, kwa hiyo lianze Ijumaa. Chukua sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, ile inayoshika kutu. Ile isiyofubaa kamwe haifai. Ioshe sabuni yote, iloweke kidogo kwenye siki, ikamue, uisukume hadi sehemu ya ndani kabisa ya gilasi nyembamba ndefu. Pindua gilasi ndani ya beseni la maji, weka alama pale maji yalipofika, uiache. Jumatatu sufi ni nyekundu na maji yamepanda. Ikiwa kutu imeshika vizuri, yamepanda karibu sehemu moja ya tano ya nafasi ya hewa. Kuna kitu kilichotoka hewani kikaingia ndani ya chuma, na ni karibu sehemu moja ya tano tu ya hewa inayoweza kufanya hivyo. Hiyo ni oksijeni, asilimia 21 ya hewa tunayoivuta. Watazame mabati ya paa lao jioni hiyo: yaliyopoteza ngozi yake ya zinki yamekwisha kuwa mekundu.

Maji huwashtua watoto zaidi, kwa sababu kila mtu huyahesabu kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Betri nne za tochi zilizofuatanishwa hutoa volti 6, nazo zinatosha. Chonga penseli mbili pande zote mbili, uzipenyeze kwenye kipande cha kadibodi kilichofunika gilasi, ncha za chini ziingie majini bila kugusana na za juu ziunganishwe na waya za betri. Changanya magadi kidogo katika maji ili umeme upite. Usitumie chumvi ya mezani, maana huzaa klorini, gesi yenye sumu. Na umeme wa ukutani usiusogeze karibu na jaribio hili hata kwa dakika moja.

Mapovu hutoka kwenye ncha zote mbili, ila upande wa hasi hutoka mengi zaidi. Mwenye mabomba mawili ya sindano anaweza kuyaziba tundu kwa nta, kuyajaza maji na kuyapindua juu ya ncha hizo ili akusanye gesi. Upande wa hidrojeni utapata karibu mara mbili ya upande wa oksijeni. Haitakuwa mara mbili kamili, kwa sababu ncha ya penseli ni kaboni na hula sehemu ya oksijeni. Waambie sababu hiyo, usifiche tofauti.

Sasa uliza: kwa nini mbili kwa moja? Kwa nini isiwe leo mbili kwa moja na kesho tano kwa tatu, kama mama anavyoweza kuzidisha majani ya chai au kuyapunguza apendavyo?

Swali la namna hii ndilo lililomshughulisha John Dalton katika mji wa Manchester, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Watoto wako watapenda kujua kwamba alianza kufundisha akiwa na miaka 12 tu. Dalton aliona kwamba dutu zikiungana hufuata uwiano usiobadilika, akasema hilo lingeeleweka kama kila elementi imeundwa kwa chembe zisizogawanyika, zote za elementi moja zikiwa na uzito sawa, zinazoungana moja kwa moja, au mbili kwa moja, bila nusu wala robo. Kuhusu maji alikosea, maana alidhani ni hidrojeni moja kwa oksijeni moja, na waliomfuata wakamsahihisha. Wazo lenyewe likasimama. Angalia, mwalimu, kwamba hadi hapa ndipo umelitaja neno atomi kwa uzito wake, na darasa limekwisha kulihitaji.

Munyu wa majivu na gunia la mbolea

Katika nyumba nyingi za Kakamega, mrenda na kunde haviivi bila musherekha. Maganda ya maharagwe huchomwa, majivu huwekwa kwenye chombo kilichotobolewa chini, maji humiminwa juu, na kinachodondoka taratibu ni maji ya rangi ya kahawia yanayolainisha mboga. Waombe watoto walete chupa ndogo kutoka kwa nyanya zao, na wasimulie jinsi yanavyotengenezwa. Hapa mtoto anajua kuliko kitabu. Yatie matone kwenye maji yaliyochemshiwa ua jekundu la haibiskasi uone rangi ikigeuka kuelekea kijani. Ni besi, na mada ya Gredi ya 7 imeingia bila kubisha hodi.

Kilichomo zaidi ndani yake ni kabonati ya potasiamu. Potasiamu ilikuwa mizizini, ikapanda kwenye shina, ikabaki katika majivu kwa sababu moto wa jikoni hauwezi kuifukuza kama unavyofukuza maji na kaboni. Mwaka 1807 huko London, Humphry Davy alipitisha umeme kwenye potashi kali, dutu inayotengenezwa kutokana na chumvi hii hii ya majivu, akapata metali laini inayong'aa na inayoshika moto ikigusa maji. Hii metali hutaionyesha darasani. Inatosha mtoto ajue kwamba jamaa ya kitu anachokijua kutoka kwenye chungu cha nyanya ndiyo iliyoipa dunia elementi mpya.

Kisha tandaza gunia tupu la DAP sakafuni. Limeandikwa 18-46-0. Namba ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni. Ya pili inahesabu fosforasi pamoja na oksijeni, kwa hiyo fosforasi yenyewe ni karibu asilimia 20. Ya tatu ni potasiamu, nayo haimo. Gunia la kilo 50 lina kilo 9 za nitrojeni na karibu kilo 10 za fosforasi. Waulize mkulima aliyetumia DAP pekee anaweza kupata wapi potasiamu, na utaona vichwa vikigeukia majivu. Wazee waliomwaga majivu kwenye migomba walikuwa wakifanya jambo la maana, na ni vizuri watoto walisikie hilo shuleni.

Kadi kabla ya jedwali

Jedwali la elementi likibandikwa ukutani bila maandalizi huwa pambo. Lina elementi 118, na mtoto hana kazi na nyingi kati ya hizo. Tengeneza kadi za makatoni, elementi 20 za kwanza pamoja na chuma, shaba, zinki, fedha, iodini, dhahabu na zebaki. Kila kadi iwe na alama, namba, na mahali inapopatikana karibu: kaboni kwenye makaa, alumini kwenye sufuria, shaba kwenye waya, kalsiamu kwenye chokaa na mifupa, iodini kwenye chumvi ya dukani. Wakosapo mfano wa karibu, kadi ibaki wazi. Kisha wape vikundi wazipange watakavyo na watetee mpangilio wao. Dmitri Mendeleev alifanya kazi ya namna hii mwaka 1869 akiwa na elementi 63, akaacha nafasi tupu alipoamini kuna elementi ambazo bado hazijagunduliwa. Galiamu ikajaza nafasi moja mwaka 1875, skandiamu 1879, jerimaniamu 1886. Kwa maoni yangu, ujasiri wa kuacha nafasi tupu ndilo somo kubwa kuliko jedwali lenyewe.

Dhahabu inafungua atomi

Sasa atomi iingie kwa heshima yake yote. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, watafutaji wakafurika, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Ikolomani na Shinyalu watu bado wanachimba. Mtoto wa Navakholo amesikia habari hizo, kwa hiyo tumia dhahabu.

Gramu moja ya dhahabu ina atomi zipatazo 3 ikifuatwa na sufuri 21. Zigawie watu wote bilioni 8 wa dunia, na kila mmoja atapata zaidi ya atomi bilioni 380. Atomi moja kati ya hizo si ya manjano, wala haing'ai, wala si ngumu. Rangi na mng'ao ni kazi ya atomi nyingi zikiwa pamoja. Sisitiza jambo hili, maana kosa linalojificha sana vichwani ni kudhani kwamba atomi ya dhahabu ni kijidhahabu, atomi ya maji ni kitone, na kwamba metali ikipata moto atomi zake zinavimba. Kinachopanuka ni nafasi katikati yake. Maji nayo hayana atomi yake, yana molekuli.

Ernest Rutherford, akiwa Manchester, mji ule ule wa Dalton, aliwaongoza wenzake kurusha chembe ndogo kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu mwaka 1909. Karibu zote zilipita kama vile dhahabu haipo. Chache sana zilirudi nyuma. Mwaka 1911 akatoa maelezo: karibu uzito wote wa atomi umekusanyika kwenye kiini kidogo katikati, na kwingine kote hakuna kitu isipokuwa elektroni. Kama atomi ya dhahabu ingekuwa na upana wa urefu wa uwanja wa Bukhungu kutoka goli hadi goli, kiini chake kingekuwa punje ya ndengu katikati ya uwanja. Ukichora atomi ubaoni, sema wazi kwamba mchoro wako unadanganya kuhusu ukubwa na kwamba hakuna ubao utakaotosha.

Ndani ya kiini hicho kuna protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi ni ipi. Dhahabu ina 79. Weka kadi yake kando ya kadi inayofuata, namba 80: zebaki. Protoni moja tu, na metali ya manjano iliyo yabisi inakuwa jirani wa metali nyeupe iliyo kiowevu. Wachimbaji wadogo wanazikutanisha hizi mbili kila siku, maana zebaki hutumika kunasa chembe za dhahabu na kisha huchomwa ipae. Inapopaa haiishi. Inabaki elementi ile ile, inaingia mapafuni, mtoni na ardhini, na hakuna moto wa kuiteketeza. Hudhuru ubongo na figo, na watoto walio tumboni ndio huumia zaidi. Usiilete darasani kamwe. Mwanafunzi akija nayo kwenye chupa, usiimimine kiganjani ili waone inavyocheza. Iache imefungwa, toa darasa nje, mpigie afisa wa afya ya umma.

Utaulizwa: nani amewahi kuiona atomi? Swali hili ni la haki, usilinyamazishe. Mwaka 1981 watafiti wa kampuni ya IBM huko Zurich walitengeneza hadubini inayopapasa uso wa kitu atomi kwa atomi, na mwaka 1989 watafiti wa kampuni hiyo hiyo waliziburuta atomi 35 za zenoni wakaandika kwazo jina la kampuni yao. Kama una simu yenye intaneti, waonyeshe picha hiyo.

Kuhusu lugha, najua kitabu ni cha Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Lakini utabiri na ubishi waache wafanye kwa Kiswahili, au Lunyala wakitaka, kwa sababu mtoto hawezi kubisha kwa lugha anayoiogopa. Jina la Kiingereza liandike ubaoni baada ya kitu kuonekana, siku hiyo hiyo, waliandike na kulitamka hadi lizoeleke.

Kabla ya mtihani wa karatasi, uliza swali moja la mdomo kwa kila kikundi: kaboni tuliyoiona kijikoni iliingia vipi ndani ya muwa? Wengi watasema ilitoka udongoni, au kwenye mbolea. Warudishe kwenye gunia la DAP wasome tena, kaboni haipo. Kisha waulize kuhusu ile hewa tuliyoibana kwenye bomba. Kaboni ya sukari yote ya Navakholo imetoka hewani, kwenye gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo ni takribani asilimia 0.04 tu ya hewa, na muwa ukikaushwa kabisa, kilichotoka udongoni ni sehemu ndogo sana ya uzito wake.